Kumuuguza Mgonjwa wa Akili Katika Nyumba ya Waumini: Mwongozo kwa Familia

Usiku wa tatu ambao mdogo wangu hakulala, alikaa kwenye kizingiti cha mlango wa uani na redio mapajani, akiisikiliza hata baada ya mama kuitoa betri, kwa sababu alisema mtangazaji alikuwa akimtaja kwa jina. Asubuhi yake ndugu walikusanyika sebuleni. Mjomba alisema kijana apelekwe kwa maalim akasomewe. Shangazi, ambaye ameolewa na Mlutheri na kuingia katika dini ya mumewe, alitaka aitwe mchungaji. Mimi nilisema hospitali, na nilisema kwa ukali, nikawaambia wazee wangu kwamba mawazo yao yamepitwa na wakati. Ubishi ule ulidumu wiki sita. Hakuna aliyeshinda, na mgonjwa alizidi kukonda mbele ya macho yetu sisi sote tuliokuwa tukimpenda.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya familia iliyo katika asubuhi kama ile, na nimeuandika nikiwa muumini. Ninaamini kosa letu lilikuwa kuligeuza jambo zima kuwa shindano kati ya dua na daktari. Tulipaswa kuuliza imani yetu ilikuwa ikimwambia nini yule kijana kuhusu nafsi yake, na kama ilikuwa ikimfungulia njia ya kufika kwenye tiba au ikimzibia. Mengi kati ya yafuatayo yanatokana na maswali hayo mawili.

Kwanza mtazameni mwili

Kabla ya kujadili jini, laana, msongo wa mawazo au ugonjwa wa kurithi, mtazameni mgonjwa mwilini. Mtu aliyebadilika ghafla, akawa anaropoka au hawatambui watu wa nyumbani, na huku ana homa, shingo imekakamaa au amepata degedege, huenda ana malaria kali iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo, na magonjwa hayo huua kwa muda wa saa chache, hayangoji kisomo cha siku saba. Vivyo hivyo mama aliyejifungua wiki moja au mbili zilizopita, ambaye halali, anasema mtoto si wake au anamwogopa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Mitaani kwetu husemwa kwamba mzazi wa namna hiyo ameingiliwa na kitu kwa sababu alitoka nje kabla ya arobaini. Madaktari wanaijua hali hiyo, tiba yake ipo, na wengi hupona kabisa. Mlevi aliyeacha pombe ghafla akaanza kutetemeka na kuona wadudu ukutani naye ni wa dharura. Na yeyote anayesema afadhali kufa, anayeanza kugawa vitu vyake bila sababu, au anayekataa kula na kunywa, asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Katika hali zote hizi dua isomwe ndani ya gari, mkiwa njiani.

Pasipokuwa na dharura mna nafasi ya kushauriana, lakini nafasi hiyo si ndefu. Wataalamu wanakubaliana kwamba saikosisi, yaani ile hali ya mtu kusikia na kusadiki mambo ambayo wenzake hawayaoni wala hawayasikii, kadiri inavyokaa bila tiba ndivyo kupona kunavyokuwa kugumu. Wiki zetu sita zilikuwa na bei, na aliyeilipa ni mgonjwa.

Mwulizeni imani yake inamwambia nini

Mwanasaikolojia wa Marekani, Kenneth Pargament, ametumia miaka mingi kuchunguza jinsi watu wanavyoitegemea dini wakati wa shida, na aliyoyaona yanaweza kuthibitishwa na mtu yeyote aliyewahi kuuguza. Watu wawili wa msikiti mmoja, wanaosimama safu moja, wanaweza kupatwa na msiba uleule, mmoja akasema Mungu yuko pamoja naye katika jambo hili, na mwenzake akasema Mungu anamwadhibu na amemtupa. Wa kwanza kwa kawaida imani humshika mkono. Wa pili imani humwongezea mzigo juu ya ugonjwa, na tafiti nyingi zimeikuta hali hiyo ikiandamana na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, na hofu iliyozidi.

Faida ya imani si maneno ya kufarijiana tu. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti uliowafuatilia karibu wauguzi wanawake 90,000 wa Marekani kuanzia mwaka 1996 hadi 2010, na ukaonyesha kwamba waliohudhuria ibada mara moja kwa wiki au zaidi walijiua kwa kiwango cha chini karibu mara tano kuliko wale ambao hawakuhudhuria kabisa. Ni utafiti wa wanawake wa nchi moja, wengi wao wakiwa Wakristo, kwa hiyo usichukuliwe kama chanjo ya kumchoma kila mtu. Hata hivyo unagusa jambo ambalo sisi wa huku tunalifahamu vizuri: mwenye jamaa ya ibada ana watu watakaouliza Ijumaa au Jumapili amekwenda wapi. Mwanasosholojia Mfaransa, Émile Durkheim, alikwisha kuandika mwaka 1897 kwamba mafungamano ya watu ndiyo yanayomshikilia mtu asidondoke. Kwa hiyo familia inayomficha mgonjwa chumbani kwa sababu ya aibu inamnyang'anya kile ambacho dini yake ilikuwa nacho cha kumpa.

Tafuteni saa tulivu, mtu mmoja tu ambaye mgonjwa anamwamini akae naye, na amwulize kwa maneno yake mwenyewe mambo haya: anadhani shida hii imetoka wapi, akisali siku hizi anajisikiaje, kama kuna jambo anaamini Mungu hakumsamehe, na ni nani katika watu wa msikitini au kanisani angependa aje kumwona. Muulizaji asikilize bila kusahihisha. Mdogo wangu alipoulizwa swali la mwisho hakumtaja sheikh wala mjomba. Alimtaja mzee mmoja mwadhini, ambaye katika siku zote zile alikuwa akifika, anakaa naye barazani, anammenyea chungwa na kuondoka bila kumwuliza chochote. Tangu hapo tulijua nani wa kumtuma kila tulipokuwa na jambo zito la kumwambia.

Jibu la swali la pili lisikilizwe kwa makini zaidi. Mwenye sonona mara nyingi atasema kwamba moyo umekuwa jiwe, kwamba anasimama kwenye swala lakini haoni ladha yake, au kwamba anafungua Biblia na herufi zinampita tu. Watu wema humjibu kwamba imani yake imepungua, kisha humwongezea ibada kama mtu anayemwongezea punda mzigo kwa sababu amechechemea. Kutoonja ladha ya ibada ni dalili ya ugonjwa ule ule uliomfanya asionje ladha ya chakula, na mgonjwa anapaswa kuambiwa hivyo waziwazi, tena na mtu wa dini.

Vitabu vyenyewe vinatoa msaada mkubwa hapa. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, mlango wa 19, nabii Eliya anakaa chini ya mretemu na kuomba afe. Malaika anayemjia hamkaripii wala hamhubirii. Anamgusa, anampa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, anamwacha alale tena, kisha anamrudia mara ya pili na chakula. Katika sura ya Yusuf, Nabii Yaqub analia mpaka macho yake yanageuka meupe kwa huzuni, na wanawe wanapomlaumu anawajibu kwamba anamshitakia Mwenyezi Mungu huzuni yake. Hakuna mahali ambapo huzuni ile inahesabiwa kuwa upungufu wa imani ya nabii. Simulizi hizi zina uzito kwa mgonjwa kuliko hotuba ya mtu wa afya, kwa sababu zinatoka mahali anapopaheshimu.

Kuna familia zinazoogopa jambo jingine: ndugu yao anasema amesikia sauti ya Mungu, nao hawajui kama ni karama au ni maradhi. Hili lisiamuliwe na daktari peke yake, wala na familia peke yake. Waulizwe wazee wa dini yake mwenyewe, wanaojua desturi za jamaa yao, kama jambo hilo linafanana na yale wanayoyafahamu. Kisha tazameni maisha yake: je, analala, anaoga, anafanya kazi yake, anaelewana na watu, na sauti hiyo inamjenga au inamtukana na kumwamrisha mabaya? Maono yaliyomfanya mtu aache kulala kwa siku nne, auze baiskeli yake ya kazi na kuwashuku wanawe kuwa ni maadui ni ya kupelekwa hospitali, hata kama maneno yake yote yametoka katika Maandiko.

Mkienda kwa sheikh au mchungaji

Sisemi msiende. Wengi wetu tutakwenda, na mgonjwa mwenyewe mara nyingi ndiye anayetaka kwenda. Nasema muende na masharti, na masharti yasemwe na mkubwa wa familia kwa adabu kabla shughuli haijaanza. Mgonjwa asipigwe, asifungwe minyororo wala kamba, asinyimwe chakula na maji, asifukizwe moshi hadi akakosa pumzi, na asikatazwe dawa za hospitali. Ndugu mmoja awe naye wakati wote, na akiwa mwanamke, awe na mwanamke mwenzake. Gharama ijulikane mapema, na siku za kisomo au maombi ziwe na ukomo. Kiongozi wa dini aliye mkweli hataona uzito wa masharti haya, na anayekasirika kwa kuyasikia amekwisha kuwajibu. Maji ya kombe (maji yaliyooshea aya zilizoandikwa kwenye sahani), kisomo cha ruqya (aya anazosomewa mgonjwa), kuwekewa mikono na kupakwa mafuta havigombani na vidonge, ilimradi hakuna anayemtaka mgonjwa achague.

Minyororo naitaja kwa makusudi, kwa sababu shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch lilipokusanya taarifa mwaka 2020 lilikuta watu wenye matatizo ya afya ya akili wakifungwa hivyo katika nchi zipatazo 60, majumbani na katika vituo vya tiba na vya maombi. Nchini Ghana, madaktari walikwenda kwenye kambi moja ya maombi wakawapa dawa baadhi ya wagonjwa huku maombi yakiendelea kama kawaida, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha dalili za wale waliopewa dawa zikipungua zaidi. Siku za kukaa kwenye minyororo hazikupungua. Mgonjwa alipata nafuu na mnyororo ukabaki mguuni, kwa kuwa ulishikiliwa na desturi ya mahali pale zaidi ya hali ya mgonjwa mwenyewe. Miaka miwili baadaye ulichapishwa utafiti mwingine wa Ghana na Nigeria, ambapo waganga wa jadi na wa kidini walifundishwa kushirikiana na wahudumu wa afya, kila mmoja akibaki na kazi yake, na wagonjwa wao walipata nafuu kuliko wale walioachwa katika utaratibu wa zamani. Huo ndio ushirikiano wa kuuomba: nambari ya simu ya muuguzi iwe kwa sheikh, na ya sheikh iwe kwa muuguzi.

Kuhusu anayewakataza watu hospitali kwa jina la Mungu, wasomaji wa pwani hawahitaji mfano wa mbali. Shakahola, msitu ulio katika kaunti ya Kilifi, Kenya, ulianza kufukuliwa Aprili 2023, na miili iliyotolewa katika udongo wa msitu ule ilizidi 400, wakiwamo watoto wengi. Watu wale, waliokuwa wafuasi wa mhubiri mmoja, walianza kwa kuacha shule na hospitali kabla ya kuacha chakula. Familia ikimwona ndugu amejiunga na mahali panapomtenga na jamaa zake, panapomwagiza atupe vidonge na panapomtaka auze mali, isisubiri hatua inayofuata. Imfuate, na itoe taarifa kwa mamlaka.

Ni vizuri pia kukumbuka kwamba nyumba za ibada ndizo zilizotangulia katika kazi hii. Lutindi, katika milima ya Usambara wilayani Korogwe, ambapo wamisionari wa Kiprotestanti kutoka Ujerumani walianza kwa kuwalea watoto waliookolewa utumwani, paligeuka mwanzoni mwa karne ya 20 kuwa mahali pa kuwatunzia wagonjwa wa akili, miaka mingi kabla serikali ya kikoloni haijaijenga hospitali ya Mirembe, Dodoma, mwaka 1927. Huko Cairo, hospitali ya Sultan Qalawun, iliyojengwa kwa mali ya wakfu na kukamilika mwaka 1284, ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kinachoyagawa magonjwa ya nafsi na kuyatafutia tiba kama yanavyotafutiwa magonjwa ya mwili. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba kumpeleka mgonjwa wa akili hospitali ni mambo ya Wazungu au ya wasioamini, una majibu.

Mkiwa kliniki

Mwambieni daktari kila kitu, hata yale mnayodhani atayacheka: dawa za mitishamba, kombe, siku za kufunga, mikesha. Mitishamba mingine hugongana na vidonge, na daktari asiyejua hawezi kuwakinga.

Kuna jambo moja ninalotamani kila familia ya waumini ilijue kabla ya kuondoka dirisha la dawa. Siku ya tatu tangu mdogo wangu aanze kutumia haloperidoli, dawa ya saikosisi, shingo yake ilipinda upande wa kushoto ikakaza, taya likang'ang'ania, na macho yakageukia juu yakabaki pale. Alikuwa na fahamu zake zote, akilia. Mjomba alisema jini limekasirishwa na dawa za hospitali na sasa linajidhihirisha, na kwa jinsi alivyokuwa akionekana, hata mimi niliyejiita msomi nilitetemeka. Ilikuwa athari ya dawa yenyewe, inayowapata zaidi vijana wa kiume katika siku za mwanzo, na inajulikana vizuri. Alipochomwa sindano ya kuiondoa, shingo ilirudi kabla chai ya saa kumi haijaiva. Nina hakika kwamba kuna wagonjwa wengi waliorudishwa kwenye kuombewa pepo na kuachishwa dawa kwa sababu ya jioni moja kama ile ambayo hakuna aliyewatahadharisha. Basi ulizeni mapema: dawa hii inaweza kumfanya nini, na likitokea tufike wapi na saa ngapi.

Kuhusu kufunga, Kurani katika sura ya Al-Baqara imemruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyingine, na ugonjwa wa akili ni ugonjwa. Wapo wanaoweza kufunga kwa kuhamishia dozi wakati wa futari na daku, lakini mpango huo upangwe na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia, awe mwangalifu kuliko wote, kwa sababu mwili ukipungukiwa maji dawa hiyo hujilimbikiza katika damu na kuwa sumu. Onyo hilohilo linawahusu Wakristo wanaofunga kavu siku tatu. Wenye ugonjwa wa hisia mseto, ambao hupanda wakawa na furaha na nguvu za kupindukia kisha wakashuka, wajihadhari na mikesha. Kukosa usingizi kunaweza kumwasha mgonjwa wa namna hiyo kama kiberiti, awe kwenye mkesha wa maombi au katika kumi la mwisho la Ramadhani. Mzee wa kanisa au imamu akimwambia yeye mwenyewe kwamba usingizi wake ni amana aliyopewa na Mungu, atalala kwa amani. Akiambiwa na muuguzi tu, ataona amenyimwa thawabu.

Wasiwasi wa udhu na wa toba

Neno wasiwasi tulilichukua kutoka Kiarabu, na kule lilikwisha kubeba maana ya mnong'ono unaorudiarudia moyoni. Kuna ugonjwa wa akili unaovaa vazi hilohilo. Mtu anatawadha, anahisi hakutawadha sawasawa, anarudia mara kumi, ngozi ya mikono inachubuka, swala ya alfajiri inampita akiwa bombani. Kwa Mkatoliki inaweza kuwa kitubio: ametubu leo, kesho anarudi na dhambi ileile kwa hofu kwamba hakuieleza vizuri. Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, aliteswa na jambo hili huko Manresa mwaka 1522 kiasi cha kutamani kufa, kwa hiyo mgonjwa asidhani yuko peke yake au kwamba ni mnafiki.

Kosa la kawaida la sheikh, padri na familia ni kumjibu kila anapouliza. Kila jibu humpa nafuu ya dakika tano na kuupa ugonjwa nguvu za siku nzima. Kiongozi wa dini mmoja, na awe mmoja tu, ampe hukumu moja iliyo wazi, kwa mfano kwamba atanawa kila kiungo mara tatu, ataondoka, na shaka itakayokuja baadaye haihesabiwi. Kisha akirudi kuuliza, aambiwe kwa upole kwamba swali hilo limekwisha kujibiwa. Mwanasaikolojia humfundisha jambo hilohilo hatua kwa hatua, kwa kumzoesha kuikabili hofu bila kurudia tendo, na dawa zipo kwa wale ambao hofu imewazidi. Hapa tiba na fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, zinasema neno moja, kwa sababu wanazuoni tangu zamani wamewaagiza wenye wasiwasi waupuuze.

Jamaa ya waumini na majirani

Tabia za watu kwa mgonjwa wa akili hazitokani na dini moja kwa moja, ingawa mara nyingi huzungumza kwa lugha yake. Mwanasaikolojia wa Marekani, Gordon Allport, na mwenzake walionyesha mwaka 1967 kwamba wale wanaoitumia dini kwa ajili ya heshima na manufaa yao huwa na chuki na dharau kwa wengine kuliko wale ambao dini imewaingia ndani. Na huko Princeton, Marekani, mwaka 1973, wanafunzi 40 wa chuo cha dini walitumwa kwenda jengo jingine kutoa hotuba, baadhi yao kuhusu Msamaria Mwema, na njiani akawekwa mtu aliyejikunja akikohoa. Waliokuwa na nafasi, 63 katika kila 100 walisaidia. Waliokuwa na haraka sana, 10 tu. Mada ya hotuba haikuleta tofauti kubwa. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi kila ninapoona msururu wa watu mbele ya mchungaji au sheikh mmoja, kila mgonjwa akipata dakika mbili. Jamaa inayotaka kusaidia iteue watu wawili au watatu ambao kazi yao ni kuwa na nafasi.

Huko Mahenge, mkoani Morogoro, ambapo kifafa kimekuwa kingi kwa miaka mingi, watu waliogopa mate ya mgonjwa wakiamini kwamba yanaambukiza, na aliyeanguka motoni aliweza kuachwa aungue kwa sababu ya hofu hiyo. Daktari Louise Jilek-Aall alipoanza kuwatibu huko, mwishoni mwa utawala wa Waingereza, vidonge rahisi viliwarudisha wengi shambani na mezani pa ndugu zao. Kifafa hakiambukizi kwa mate. Mlezi anaweza kulithibitisha hilo mbele ya watu, kwa kula sahani moja na mgonjwa siku ya hitima au ya sikukuu, pale wanapoonekana na wengi.

Lugha nayo ni kazi ya kila siku. Imamu akisema kwenye hotuba kwamba fulani ni mgonjwa, watoto wa madrasa wataacha kumwita chizi haraka kuliko wakichapwa. Lakini ushuhuda wa hadharani ucheleweshwe. Mtu aliyepata nafuu akipandishwa jukwaani na kutangazwa kwamba amefunguliwa, atawezaje kesho yake kuonekana akimeza kidonge? Wengi huacha dawa kwa aibu hiyo tu, na ugonjwa ukirudi huambiwa kwamba imani yao haikudumu. Kama lazima ashuhudie, basi ashuhudie na kadi yake ya kliniki mkononi.

Pale mtu anapotaka kufa

Mwulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumwuliza hakumtii wazo hilo. Wagonjwa wengi huona ni nafuu kwamba hatimaye kuna aliyethubutu. Ondoeni nyumbani sumu za shambani, kamba na vidonge vya ziada, pangeni zamu za kukaa naye, na mmpeleke hospitali. Kumtishia moto wa milele usiku ule ni hatari, kwa sababu mwenye sonona kali kwa kawaida amekwisha kujihukumu kwamba anastahili moto huo. Mkumbusheni hadithi ya Mtume kwamba kalamu imeinuliwa kwa watu watatu, yaani hawaandikiwi dhambi, na mmoja wao ni aliyepotewa na akili mpaka akili imrudie.

Familia nyingi huficha jaribio la kujiua kwa kuogopa polisi, maana Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara inalihesabu kuwa kosa. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha aina hiyo kinapingana na Katiba. Pamoja na hofu hiyo, mpelekeni, kwa sababu aliyenusurika mara moja bila kutibiwa yuko katika hatari ya kurudia.

Na msiba ukitokea, wafiwa wasiadhibiwe. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 haiwataji tena waliojiua miongoni mwa wanaonyimwa mazishi ya Kanisa, tofauti na ile ya mwaka 1917. Kwa Waislamu, wanazuoni walio wengi wanasema maiti huyo huswaliwa. Kiongozi wa dini anayefika kwenye matanga kama yale, akakaa mkekani na kula pamoja na wafiwa, anaweza kuwa anamzuia ndugu wa pili asimfuate wa kwanza.

Mlezi naye apumzike. Mama yetu aliuguza mwaka mzima bila kulala usiku kucha, na alipoanza kulia jikoni tulimwambia asubiri. Tulipaswa kumpokea zamu mapema, angalau alasiri mbili kwa wiki, na mtu wa kumsikiliza.

Mdogo wangu sasa anachomwa sindano kila mwezi. Kadi yake tumeibandika ukutani pembeni ya ratiba ya swala, kwa sababu ndipo macho ya kila mtu wa nyumba hii yanapopita mara tano kwa siku, na siku ya kliniki ikifika, yule mzee mwadhini ndiye anayempitia asubuhi wakaenda naye kituo cha daladala.